Sista Yuliana Barek na Mikatale ya Lewokeda

Alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi, mwezi wa tatu mwaka 1938, katika kijiji cha Lewokeda, chini ya mlima wa moto wa kisiwa cha Lembata. Alikuwa mtoto wa tatu wa Kopong, mgema, na mkewe Ose, mfumaji. Padre alimbatiza Yuliana, ukoo ukamwita Barek, naye akakaa na majina yote mawili mpaka kifo. Hatusemi kwamba yeye ni mtakatifu, maana Kanisa bado halijatamka na si kazi yetu kulitangulia. Tunasema tu tuliyoyaona na tuliyosimuliwa na walioyaona. Lakini furaha tuliyo nayo tunapoyasema hatuwezi kuificha, mtusamehe!

Bibi yake mzaa baba, aliyeitwa Somi, aliishi nao nyumba moja. Barek alipokuwa na miaka tisa, bibi huyo alianza kupotewa na akili. Aliwasha moto bila kuteleka chungu. Alimwita mwanawe kwa jina la kaka yake marehemu. Alitoka kwenda kupalilia shamba ambalo majivu ya mlima yalikuwa yamelifunika zamani. Kwa wazee wa namna hiyo watu wa Lewokeda walikuwa na dawa moja tu, nayo ni mkatale: magogo mawili yaliyotobolewa matundu, miguu ikatiwa humo, magogo yakafungwa kwa misumari. Hawakuwa watu wakatili. Waliogopa asije akachoma nyumba au akatumbukia korongoni. Bibi Somi alikaa nyuma ya ghala miezi minne, na Barek ndiye aliyempelekea mahindi yaliyopondwa juu ya jiwe na mchuzi wa majani ya mlonge. Siku moja bibi aliitazama miguu yake iliyovimba ndani ya mbao, akauliza, "Mwanangu, miguu hii ni ya nani? Mwenyewe anajua inavyouma?" Mtoto yule akamjibu, "Ni yangu, bibi." Wiki ile bibi akafa, na kazi yote ya Sista Barek ilitoka katika neno lile alilolisema akiwa na miaka tisa!

Mwaka 1956 alivuka kwenda Larantuka, akapokewa na Masista Wauguzi wa Mlima wa Mizeituni. Unovisi haukuwa rahisi. Alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, na wenzake walimcheka kwa jinsi alivyotafuna tambuu kwa siri nyuma ya jiko, maana hakuweza kuacha. Baada ya nadhiri alitumwa Surabaya kusomea uuguzi. Huko alifundishwa na daktari mmoja mfupi, mvutaji mkubwa wa sigara za karafuu, jina lake Liem. Sista aliyarudia maneno ya daktari huyo maisha yake yote kama watu wanavyorudia sala: "Mzee akiweweseka, usiulize kwanza ana nini. Uliza ni tangu lini. Aliyepotea siku tatu ana ugonjwa mwingine umejificha mwilini. Utafute upesi, maana huyo mara nyingi anarudi. Aliyepotea miaka mitatu harudi. Lakini naye anataka kushikwa mkono."

Alirudi Lewokeda mwaka 1967, akafungua zahanati yenye chumba kimoja, akahesabu mikatale mitano kijijini. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba na swali lake. "Alianza lini?" "Zamani, Sista." "Zamani ipi?" "Zamani ya zamani." Hakuna aliyemtajia siku. Msishangae, maana kwetu ugonjwa hauji bure, unatoka kwenye kosa, na anayetaja siku ametaja ugomvi wa siku ile, na aliyetaja ugomvi amemtaja mkosaji. Basi mume humficha mke, mke humficha ndugu yake, na wote husema zamani. Mwaka 1969 Sista aliomba mzee mmoja, Gelu, afunguliwe. Alifunguliwa, na siku ya nne, mchana kweupe, akatembea mpaka korongoni akaanguka akafa. Jamaa zake walilitupa sanduku la dawa barabarani. Mama Mkuu akamwandikia ashughulike na chanjo na uzazi, basi. Sista alitii. Alilia, akatii. Kwa miaka minne alipita kando ya mikatale bila kusema neno, na wanaomkumbuka wakati ule wanasema alikuwa amekonda kama mti wa fensi.

Ndipo ikaja Kwaresima ya mwaka 1973. Ina Peni (kwetu ina ni mama, kama vile ama ni baba), mjane wa miaka sitini na minane, hodari kuliko wote kijijini wa kufunga nyuzi za nguo kabla ya kutiwa rangi, alianza ghafla kupiga kelele. Alimrushia mkaza mwana wake kisanduku cha tambuu. Alimwita mwanawe Boli kwa jina la mumewe aliyekufa. Aliona watu wafupi wenye kofia wameketi juu ya boriti. Juma lile lile mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa, na watu wakaanza kunong'ona kwamba Ina Peni ni mchawi, na hao wafupi ndio anaotuma. Kiongozi wa ukoo, Ama Laga, aliita baraza. Likaamua kwamba Jumapili baada ya misa atatiwa mkatale, tena si nyumbani, bali juu mlimani, mbali na watoto. Kila mtu alijua maana yake. Mzee wa miaka hiyo, mlimani, miguu kwenye magogo, hafiki Pasaka.

Sista alipata habari Alhamisi, akaenda bila kuaga mtu. Alimkuta Boli uani, patasi mkononi, anatoboa gogo.

"Boli, gogo hilo la nini?"

"La banda la mbuzi, Sista."

"Mbuzi gani huyo mwenye miguu minene hivyo?"

Boli akaendelea kugonga patasi. Ama Laga, aliyekuwa ameketi kivulini na wanaume wengine, akamwambia, "Sista, wewe kachanje watoto. Ya wazee waachie wazee."

"Ama Laga, na mimi nina miaka thelathini na mitano."

"Basi ongeza thelathini mingine, kisha njoo tuzungumze." Wanaume wakacheka. Sista, yule mwoga wa kusema mbele za watu, akapita katikati yao akaingia ndani.

Ina Peni alikuwa sakafuni, uso mwekundu, vidole vinavuta hewa kana kwamba vinafunga nyuzi ambazo hakuna mwingine anayeziona. "Waondoeni hawa!" alilia. "Wananikalia nyuzi zangu!" Sista akawauliza waliomo swali lake la siku zote, na jibu likawa lile lile. Zamani, Sista. Hata Tuto, mkaza mwana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema zamani. Sista akajiegemeza ukutani kwa uchovu, na macho yake yakaangukia fremu ya kazi ya Ina Peni. Tazameni jinsi Mungu anavyoweka msaada mahali pa wazi kabisa! Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetandazwa kwenye fremu, zimefungwa mafundo ya ukindu pale ambapo rangi ya nili haitakiwi kuingia. Kila mwanamke wa Lewokeda anajua kwamba Ina Peni alifunga upana wa vidole viwili kwa siku, hakuzidisha wala hakupunguza, tangu alipokuwa msichana.

Sista akamwita jirani wa Ina Peni, Nogo, mfumaji mwenzake wa tangu utoto, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na sasa alifanya kazi zaidi kwa kugusa. Nogo akapitisha vidole juu ya mafundo taratibu. "Hapa ni Peni," akasema. "Hapa ni Peni. Hapa ni Peni, na hapa alikuwa na haraka, lakini ni Peni. Hapa..." Akasimama. Akarudi nyuma, akagusa tena. "Eh! Na huyu ni nani?"

Mafundo yalikuwa yamelegea, mengine yamepishana, mengine yamefungwa juu ya hewa tupu. Nogo akapima upana wake. Vidole vinne. Siku mbili, Jumanne na Jumatano. Jumatatu jioni alikuwa Peni, na Jumanne asubuhi hakuwa Peni tena. Si miaka, wala si miezi, bali usiku mmoja! Sista akageuka kwa watu wa nyumba ile akasema maneno ambayo sisi watoto wa Lewokeda tunayajua kwa moyo: "Siulizi ni nani. Siku imeshasemwa na nyuzi, hakuna mtu aliyeitaja. Sasa niambieni kitu kimoja tu. Jumatatu jioni alitafuna nini, alikunywa nini?"

Tuto akaanguka magotini. "Ni mimi, Sista! Jino lilikuwa linamuuma. Nikamchemshia mbegu za kecubung, yale maua meupe kama tarumbeta, ndivyo mama yangu alivyofanya. Alipoanza kupiga kelele nikamwongezea ili atulie. Jana nikaongeza tena. Na leo asubuhi. Nimemuua mama wa watu!"

Sista akamfungua Ina Peni mdomo: mkavu kama udongo wa tanuri. Akamtazama macho: mboni zimepanuka mpaka rangi ya jicho imetoweka. Akamgusa tumbo: kibofu kimejaa, kigumu kama dafu. Akaruka juu kwa furaha, akagonga kichwa kwenye boriti, akapaza sauti, "Ni sumu! Asante Mungu wangu, ni sumu tu!"

Ama Laga alichungulia mlangoni, akawageukia wenzake. "Sasa wamekuwa wawili."

Kazi aliyoifanya Sista kuanzia saa ile ndiyo iliyofundishwa baadaye kisiwa kizima, na ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba mtu angeweza kuidharau. Alimwaga chungu cha mbegu. Alimtoa Ina Peni mkojo kwa mpira mwembamba, lita nzima na zaidi. Alimpa maji kijiko kwa kijiko. Alifungua dirisha ili mchana uonekane kuwa mchana, na akaamuru umati wote utoke, abaki mtu mmoja tu, naye awe yule yule. Akamchagua Tuto. Wanawake walipiga kelele, yeye aliyempa sumu ndiye amlinde? Sista akasema, "Hakuna atakayemlinda kama yeye." Akamfundisha namna ya kusema. Wale wafupi wakirudi, asimwambie mama kwamba ni mwongo, wala asijifanye anawaona. Amwambie, "Mimi siwaoni, mama, lakini naona unaogopa. Niko hapa, mimi Tuto. Leo ni Ijumaa, na uko nyumbani kwako." Maneno yakishindwa, amwekee mkononi kisanduku chake cha tambuu, maana mkono unakumbuka kabla ya kichwa. Ijumaa ilikuwa ngumu. Ina Peni aliwapigia kelele wafupi wake kutwa nzima, na uani patasi ya Boli ilisikika, kwa sababu baraza lilikuwa limeamua na mwana hakuthubutu kuacha. Jumamosi mchana mgonjwa alilala. Alilala sana, mpaka Tuto akawa anamwekea kioo puani.

Jumapili misa ilikwisha, na Ama Laga akaja na wanaume sita, gogo begani. Kijiji kizima kilifuata. Walipofika uani walisikia ukelele, wakasimama, wakadhani ndio ule ule. Lakini sikilizeni! Ina Peni alikuwa ameketi mbele ya fremu yake, anafumua mafundo moja moja, anafoka: "Mpumbavu gani amefunga nyuzi zangu hivi? Tuto, ni wewe? Mikono kama miguu ya kuku!"

Ama Laga alisogea, akainama kumtazama. "Ina, unanijua mimi ni nani?"

Ina Peni akamwangalia kuanzia unyweleni hadi ukuchani. "Wewe ni Laga, uliyeanguka kutoka juu ya mti wa mvumo ukamwangukia nguruwe. Nguruwe akafa, wewe ukabaki. Mpaka leo namsikitikia nguruwe."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakalia, wengine wakapiga magoti mavumbini, na kengele ya kanisa ikapigwa ingawa misa ilikuwa imekwisha! Boli aliliweka gogo chini, akachukua shoka akalipasua pale pale, na jioni ile mahindi ya watu wote yalichemshwa kwa kuni zake. Jino lenyewe Sista aliling'oa Jumatatu.

Baada ya siku ile watu walimletea nguo na fremu kutoka kila nyumba yenye mkatale. Ilibaki minne. Wanawake walitandaza nguo zilizofumwa na bibi zao kwa mfuatano wa miaka, na hata asiyejua kusoma aliona: ua lililokuwa na petali nane, mwaka uliofuata saba, kisha tano, kisha mstari tu. Huko ndiko kupotea kwa polepole, na Sista aliwaambia ukweli bila kuwafariji kwa uongo, kwamba hao hawatarudi. Mmoja tu kati ya wanne alikuwa na nguo nzuri mpaka mwisho. Kumbe alikuwa kiziwi tu, masikio yamejaa nta ya miaka mingi, naye aliposafishwa jambo la kwanza alilolisema ni kwamba wajukuu wake wana makelele mno. Hao wengine watatu Sista hakuwafungua upesi. Kifo cha Gelu kilikuwa kimemfundisha. Kwanza alijengesha ua wa mianzi ukingoni mwa korongo, kisha akapanga nyumba kwa nyumba nani atamshika mkono mzee yupi na saa ngapi, ndipo akaleta nyundo. Mama Mkuu alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka Larantuka kumkaripia. Alitembea kijijini siku moja, akaondoka bila kukaripia.

Nogo naye, ukungu wa macho ulipozidi, alianza kuona mabibi wamevaa nguo nzuri wakipita mezani wakati wa chakula. Alikwenda zahanati kwa siri, akiogopa. Sista alimuuliza kama anaamini wapo. "Hapana, Sista. Najua hawapo. Lakini wanavaa vizuri kuliko mapadre wetu." Sista akamwambia hana wazimu wowote; ni macho yenye njaa, yanajipikia picha zenyewe kwa kukosa za kutazama. Nogo alicheka njia nzima kurudi nyumbani, na akaishi na mabibi zake kwa amani mpaka alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Ama Laga mwenyewe alianza kusahau mwaka 1981. Watu walisubiri muujiza wa pili, na Sista alipowaambia kwamba huyu harudi, walimkasirikia. Mzee aliishi miaka sita zaidi. Kila siku alimtukana Sista kwamba ni mwizi wa mbuzi, na kila siku Sista alimwogesha, alimlisha, akamwambia, "Mbuzi wako salama, Ama." Hakufungwa hata kwa uzi. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliomshika mkono, zamu ya Jumanne.

Mwaka 2005, Jumatano ya Majivu, padre alipomaliza kutia majivu, Sista Barek alisimama mbele ya waumini wote. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alisema hivi, na wengi tulikuwapo: "Mimi nimeanza kusahau. Ilianza polepole, mwaka juzi, wakati wa kupanda mahindi. Katika misa ya wafu nililitafuta jina la mama yangu nisilipate. Hakuna aliyenikosea. Nawatajia siku ili msiumizane kwa ajili yangu." Katika kijiji chetu hakuna mtu aliyewahi kuutaja mwanzo wa ugonjwa wake mwenyewe kwa sauti.

Masista waliompenda walimwandalia chumba kizuri katika nyumba kuu ya Larantuka, chenye kitanda, sanamu ya Bikira Maria, na kufuli kwa nje, kwa usalama wake. Walimchukua mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi wanawake kumi na wanane wa Lewokeda walipanda boti kumfuata. Tuto ndiye aliyesema, mzee sasa, mbele ya Mama Mkuu mpya. "Mama, sisi hatukuja kugombana. Mlango huu ni mzuri kuliko gogo la mume wangu. Lakini ni gogo." Mama Mkuu akatoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua kwa mkono wake.

Sista alirudi, akatembea kijijini kwetu miaka mitatu na zaidi, akiingia nyumba yoyote aliyotaka, na popote alipoingia alipewa tambuu na kurudishwa kwa mkono hadi zahanati. Mwishoni alitusahau wote. Alisali kwa lugha ya utotoni, na alipoona mzee yeyote ameketi, aliinama kumpapasa vifundo vya miguu. Alifariki tarehe 9 Februari 2009, mchana, akiwa ameshikwa mkono. Maziko yalikuwa kama sikukuu. Mzee Mikael wa ukoo wa Lamatuan, ambaye hakuwa amesema neno kwa miaka miwili, aliimba litania yote ya watakatifu toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea jina. Wengine husema ni muujiza, wengine husema nyimbo hukaa mahali pengine kichwani. Kanisa litapima. Sisi tuliokuwapo tuliitikia, "Utuombee!"

Tangu hapo Lewokeda hakuna mkatale hata mmoja, na vijiji vya jirani vimefuata. Anayetaka kumwiga hahitaji kusoma sana. Mzee wako akibadilika, usimtafute mkosaji. Tafuta siku, itaje bila haya, mshike mkono, kisha tafuta ugonjwa. Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka upande wa pili wa kisiwa, amembeba baba yake mgongoni, na baba anapiga kelele kuhusu nyoka. Watu walimletea kigoda na maji. Kabla hajaketi, kabla hajasalimu, akasema kwa sauti ambayo uwanja wote uliisikia, "Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, na mimi ndiye niliyempa dawa."

Yule baba alirudi kwao Jumatatu, kwa miguu yake.